Mashine ya Soksi Imezunguka, Tata

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Tata wangu mpendwa, baba yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na kwa kupiga magoti ingawa hunioni. Goti lako linasemaje siku hizi? Mbuzi wanazaa? Na yule jogoo wa Kaka Mwamba anayewika saa yoyote anayotaka, bado yu hai au ameshaingia chunguni? Sisi huku ni wazima. Ramazani mume wangu ni mzima, mtoto ni mzima na ana meno ya kuuma, mimi nimekonda kidogo lakini ni kwa kazi niliyoipenda. Soma polepole utaelewa.

Barua hii anakuletea Mama Feza, yule mama anayenunua samaki wakavu huko Kongolo na kuja kuwauza huku. Nilitaka kukupigia simu nikajizuia. Nakujua wewe na simu: unapiga kelele "Allo! Allo!" mpaka kuku wanakimbia, halafu unabonyeza mahali pabaya, inakatika, unalaumu mtandao. Tena habari hii ungeisikia kwa simu ungesema ni bongo tupu, uongo mtupu. Ndiyo maana nimeandika, na ndiyo maana kuna kifurushi. Usikifungue kabla ya kumaliza kusoma. Najua umeshakifungua.

Basi nisikuzungushe, kwa maana kilichozunguka ni kingine. Mashine yako ya soksi imezunguka, Tata. Imefuma!

Unakumbuka maneno yako siku ile pale stesheni. Mama alikuwa hajatimiza hata mwaka kaburini. Ukanitolea mashine yenu ndani ya gunia la mahindi, ile ile uliyoifumia soksi miaka yote, wewe ukishughulika na sindano na Mama akizungusha mkono wake wa chuma. Ukasema mbele ya watu wote: "Ubebe iyi chuma. Imekufa, sawa vile mwenye kuizungusha alikufa." Nikakuuliza utakuja lini Kolwezi kutuona. Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Siku iyi mashine itafuma tena, njo siku mi nitapanda treni." Watu wakacheka pamoja nawe. Mimi sikucheka, nililishika lile neno nikapanda nalo garini.

Tangu siku ile nimejifungua, na mtoto amechukua jina la Mama, Ngoie. Ni mke wako kwa desturi yetu, lakini hujamwona hata mguu. Kila tukikuita unasema goti, unasema mbuzi, unasema huwezi kulala katika mji ambamo watu wanachimba madini chini ya vitanda vyao. Tata, wanaochimba hivyo ni wa mtaa wa Kasulo, sisi hatukai Kasulo. Chini ya kitanda chetu kuna viatu vya Ramazani tu, na hakuna mtu atakayevichimbua kwa harufu ile.

Kwa hiyo ujue kwamba sikuitengeneza mashine kwa ajili ya soksi. Niliitengeneza ili uje.

Ilipofika huku nilijaribu mkono wake, haukusogea hata upana wa ukucha. Nikaifunika kitenge jikoni, mimba ikanichosha, mtoto akaja, siku zikapita. Mwaka huu mwezi wa sita baridi ya Kolwezi ikatushika. Huko kwetu mnaita baridi mvua ikinyesha jioni. Hapa asubuhi unaona pumzi yako ikitoka mdomoni. Nikashika miguu ya mtoto nikakuta imekuwa kama samaki wa mtoni. Nikasema leo, hata ikibidi niivunje, mashine hii itaniambia inaumwa nini.

Lakini nilikwenda sokoni kwanza, na hapo ndipo nilipokosea, maana Ramazani alikuwa amerudi na lori lake kutoka mpakani Kasumbalesa. Wewe unampenda yule mungwana wako, na mimi nampenda, lakini ngoja usikie. Alikuta nimeifunua mashine, akataka kunifurahisha. Akachukua bomba lake la grisi, lile la kushindilia viungo vya lori, akaishindilia. Sindano zote, silinda yote, mpaka grisi ikatokeza juu kama povu la pombe. Nikamkuta amekaa, mikono myeusi, anatabasamu.

"Ramazani, umefanya nini?"

"Nimeilisha. Ilikuwa na njala, bibi. Camion yangu, nikikawia kuipa grese juma moja tu, inalia sawa mutoto."

"Iyi haina camion, si lori! Iyi inafanya soksi, na soksi inaingia ku miguu ya bantu!"

"Sasa si muzuri? Miguu yabo haitakauka."

Siku ile alikula bukari na chumvi, ugali bila mboga. Wala hakulalamika, alikula tu akiniangalia chini ya kope.

Ubaya ni kwamba Kolwezi ina vumbi, na vumbi linapenda grisi kuliko nzi wanavyopenda embe. Malori ya migodi yanapita mchana kutwa. Ukianika shuka nyeupe asubuhi, adhuhuri unaanua ya rangi ya tofali. Kabla sijapata nafasi ya kuipangusa, mashine yako ilikuwa kama kitu kilichochimbuliwa jana kule mgodini Mutoshi.

Nikakaa nayo uani, nikaanza kuikwangua grisi kwa matambara. Chini ya ile nyeusi nikakuta tabaka jingine, gumu, la rangi nyekundu kama udongo. Nikadhani ni kutu. Nikalia kimoyomoyo, maana kutu ikishafika katika njia za sindano, kazi imekwisha. Ndipo akaingia jirani yangu, Mama Ilunga, ambaye mumewe ni mchimbaji Mutoshi. Makaa yake yalikuwa yamekwisha, akaja na chupa yake ya mafuta ya ngazi, yale ya mawese, kuomba aipashe na apikie majani yake ya sombe kwenye makaa ya mbabula yangu. Hapa kwetu mwezi wa sita mafuta ya ngazi yanaganda, Tata, unaweza kuigeuza chupa kichwa chini na lisitoke tone. Akainama juu ya mashine, akagusa ule wekundu kwa kidole, akanusa. Halafu akaniangalia kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani.

"Mama Ngoie, haina mashine iyi. Ni nyungu ya sombe!"

"Wacha bongo. Ile ni kutu."

"Kutu gani inanukia ngazi? Mi nimepika tangu nilikuwa mutoto, weye utanidanganya harufu?"

Nikanusa. Nikaiangalia chupa yake kando ya mbabula, mafuta yameanza kulegea na kuteleza, mekundu, yale yale. Na mambo yote yakanirudia. Nilikuona, Tata! Nilikuona kwa macho yangu nikiwa mdogo. Wakati wa vita, chupa ndogo za mafuta ya cherehani zilipotoweka sokoni, ulikuwa unachukua unyoya wa kuku, unauchovya katika chungu cha Mama, unapaka sindano zako. Mama anapiga kelele kwamba mashine inawalia watoto wake chakula, wewe unajibu kwamba mashine nayo ni mtoto wa nyumba. Mimi nilikua nikidhani mashine zote duniani zinakula ngazi.

Kongolo ni joto. Huko mafuta yalikuwa yanasukumika, mashine inakuwa nzito lakini inakwenda, na kila ikizidi uzito ulizidi kupaka. Nyuzinyuzi za pamba zikanasa humo mwaka hadi mwaka. Ikafikia ukahitaji mkono wa Mama uliozoea kuisukuma, na mkono ule ulipoondoka ukasema mashine imekufa. Kisha ikaja huku kwenye baridi, ikaganda kabisa. Haikufa, Tata. Ilishiba tu.

Ramazani alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. "Mi niliipa grese, muzee aliipa sombe. Heri mi!" Nikamwambia nyote wawili mnastahili bukari na chumvi.

Nikaisogeza mashine kando ya mbabula, si karibu sana, nikawa naigeuza kidogo kidogo kama mtu anayechoma hindi. Ule wekundu ukaanza kulainika, ukachuruzika. Na harufu ikapanda. Tata, ilikuwa harufu ya jiko letu, jiko lile lile, la Mama, mlango wa nyuma ukiwa wazi na nyinyi wawili mnabishana juu ya kisigino cha soksi ya mtu. Nililia. Mama Ilunga naye akalia bila kuuliza sababu, halafu tukaanza kucheka kwa sababu sombe yake ilikuwa inaungua.

Kazi ya kusafisha niliifanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nilitandaza kitambaa cheupe. Nikafungua ile waya ya mviringo inayozishika sindano kiunoni, nikazichomoa moja moja, nikazilaza kwa mstari jinsi zilivyokuwa zimesimama, ili kila moja irudi nyumbani kwake. Nikaziogesha katika mafuta ya taa. Njia zake katika silinda nilizipitisha kijiti cha mwanzi, si kisu, maana nakumbuka ulivyompiga Kaka Mwamba kwa sababu ya kisu. Kwa pembe zisizofikika nilitumia mswaki wa Ramazani. Hakuuliza umekwenda wapi na mimi sikumwambia, amenunua mwingine. Mwishoni nikapata kwa fundi cherehani mafuta ya kweli, meupe kama maji, nikadondosha kidogo sana, nikapangusa, nikapangusa tena mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Mkono ukazunguka kwa kidole kimoja. Ngoie aliizungusha mwenyewe akacheka.

Nikadhani nimemaliza, kumbe nilikuwa bado. Nilipozikagua sindano, nyingine vilimi vyake vilikuwa vimevunjika. Unajua zaidi yangu kwamba sindano isiyo na kilimi haifungi mdomo, uzi unaponyoka na soksi inatoboka. Nikazunguka na sindano moja mkononi, kwa mafundi cherehani wote wa soko. Mmoja akaniuliza kama ni ya kuvulia samaki. Nikarudi nyumbani nimekata tamaa kweli, Tata. Nilikuona huko peke yako na mbuzi wako, na mtoto huyu anakua bila kukujua, yote kwa ajili ya vijichuma vidogo hivi. Nikamwambia Ramazani basi, tuache, muzee hatakuja.

Mama Ilunga ndiye aliyeomba gunia la kuwekea makaa. Nikamshushia lile lako la mahindi, lililokuwa limekunjwa juu ya kabati tangu nilipofika. Akalikung'uta, pembe moja ikagonga ukuta, ko! Kulikuwa na fundo nililolidhani la kufungia gunia. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha kilemba cha Mama, kile cha buluu, na ndani yake sindano mpya, zimepakwa mafuta zisishike kutu, zimefungwa kwa uzi kama mwali anayepelekwa kwa mumewe.

Tata, wewe uliyesema imekufa, kwa nini ulimfungia maiti sindano mpya? Usinijibu kwa barua. Utanijibu ukifika.

Siku ya kufuma tulikuwa wote uani. Kitambaa kinahitaji uzito wa kukivuta chini, na ile kufuli yako kubwa uliyokuwa ukiitundika haikuja na gunia. Mama Ilunga akaleta jiwe la kijani kibichi la shaba, zuri ajabu. Ramazani akakataa: "Tundika lile jiwe hapa Kolwezi, kesho utakuta bantu banachimba chini ya mashine." Akaenda kwenye lori, akarudi na nati kubwa ya gurudumu, akaipangusa mwenyewe mara mbili mbele yangu nione kwamba haina grisi. Nimeisamehe nati, na yeye nimemsamehe.

Nikazungusha. Mwanzo ulikuwa wa kusuasua, halafu ikashika ule wimbo wake, kre-kre-kre, na mrija ukaanza kushuka kutoka tumboni mwake. Kipande cha kwanza kilikuwa na madoa, tukamvalisha Ngoie kichwani, akatembea nacho mtaani kama askofu. Ndiyo, anatembea! Kisigino ndicho kilichonitesa, kwenda nusu na kurudi nusu, na kila safari sindano moja iinuliwe. Peke yangu sikuweza. Ramazani akaja na vidole vyake vya dereva, akawa anazinyanyua ametoa ulimi nje, na mimi nikajisikia napiga kelele: "Simama! Nimesema simama!" Ni sauti yako, Tata, ilitoka kinywani mwangu. Yeye akafuta jasho akasema: "Sasa njo minasikia vile mama mukwe alivumilia."

Tangu hapo hatupumziki. Umeme wa hapa unakatika unavyotaka, mashine za wengine zinanyamaza, yetu haina habari. Wachimbaji wanavaa mabuti ya mpira miguu mitupu, wengine wanavaa mifuko ya plastiki ndani, ngozi inatoka vipande. Tata Ilunga, mume wa jirani yangu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuagiza. Nilimfanyia kwa desturi yako: soksi moja kwanza, aivae, aitembelee, ndipo aje mwenyewe na mguu wake kuchukua ya pili, nione inambana wapi. Alidhani namtania. Akatuma mke wake. Nikamwambia Mama Ilunga, ingawa ni rafiki yangu, kwetu soksi ya pili haitumwi, hufuatwa. Nikamsimulia ulivyomrudisha mtumishi wa bwana mkubwa wa stesheni, ukamwambia mguu si wako, uende ukaulete. Basi kesho yake Tata Ilunga akaja kutoka kazini, buti moja ina soksi na nyingine ina mfuko unaopiga kelele kila hatua, mtaa mzima unamcheka. Alipoipata ya pili alitembea kwenda kwake polepole, kwa makusudi, watu wamwone.

Nisikufiche, si kila siku ni sherehe. Ramazani akikaa kwenye foleni ya mpakani siku nyingi nyumba inakuwa kubwa mno. Kifua cha mtoto kilitutisha mwezi uliopita, sasa kimepona. Na kuna jioni namkumbuka Mama, nataka kumwuliza kitu, naona sina wa kumwuliza ila wewe, nawe uko mbali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya vumbi.

Sasa nakata visingizio vyako kabla hujavileta. Mbuzi: Kaka Mwamba amekubali, nimempigia simu, yeye anajua kuitumia. Goti: Mama Feza atakaa nawe behewa moja mpaka mwisho, ana mikono ya kukunyanyua na mdomo wa kukunyamazisha. Treni: najua inakuja inapotaka, basi ingojeeni pamoja stesheni, mna samaki wake wa kula. Ramazani atakupokea na lori, utakaa mbele kama waziri.

Msalimie Kaka Mwamba na mkewe, na umwambie jogoo anachinjwa siku unayoondoka. Msalimie Shangazi Tabu, mwambie mtoto ana paji la uso lake, asikatae. Msalimie katekista mwenzako wa mchezo wa dama, asifurahi sana kwamba unaondoka, utarudi kumshinda. Kwenye kaburi la Mama mwambie mashine inaimba, na kwamba yule mungwana anazinyanyua sindano vibaya lakini anajifunza. Mke wako Ngoie anakusalimu, hapa ameweka alama ya kidole chake, ni mafuta ya mashine, meupe, si ngazi.

Ni mimi binti yako,
Masengo

Tata, sasa angalia vizuri kilichomo katika kifurushi. Ni soksi yako, ya kijivu, yenye mstari mwekundu juu, kama zote ulizofuma. Ncha ya vidole nimeishona mimi, na utakuta kuna donge, maana kushona ncha ilikuwa kazi yako na hukunifundisha. Litakubana, utakasirika. Uje na hasira hiyo hiyo. Ya pili imetundikwa msumarini juu ya mlango wetu, ncha yake iko wazi, sindano na uzi vimening'inia pembeni. Ni moja tu niliyompa Mama Feza. Aliniomba nyingine akuletee kabisa, nikamwambia mguu si wake.